Je, Wajua Kuwa Bloku Inayong'aa Inaweza Kuunguza Gasketi?

Gasketi ya silinda hedi, iliyo kati ya hedi na bloku ya injini, hutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa silinda, oili na maji ya rejeta. Petroli inapowaka, msukumo ndani ya silinda hupita bar 50. Katika dizeli nyingi za leo hupita 150. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kidogo. Kinachouzuia msukumo wa silinda usitoroke ni bamba lenye unene wa milimita 1 hivi, nalo hutegemea kabisa uso wa chuma linaoulalia.

Je, wajua kuwa bloku huweza kukataliwa kwa kupinda chini ya unene wa unywele? Unywele una milimita 0.07 hivi. Kwa injini nyingi, kikomo cha bloku ni milimita 0.05. Jicho halioni kitu hapo. Fundi huisimamisha rula ya chuma juu ya bloku, kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona, akijaribu kupenyeza kibati cha kupimia chini yake. Kikipita, bloku inakwenda kuchongwa kwa mashine.

Na rula yenyewe ilinyookeshwa kwa kulinganishwa na nini? Hapa ndipo pananivutia kuliko pote. Mabamba mawili yanaweza kulaliana bila nafasi ilhali moja limebonyea na lingine limetuna. Lakini yakiwa matatu, na kila moja likalaliana barabara na mengine yote mawili hata yakizungushwa, hayana njia nyingine ila kuwa bapa. Hivyo unyoofu huzaliwa bila kuwapo kitu kinyoofu kabla yake! Mwaka 1840, mjini Glasgow, mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth aliwaeleza wanasayansi namna ya kuandaa nyuso za chuma: paka rangi, gusanisha, kisha kwangua palipoinuka tu. Aliupinga mtindo wa siku zile wa kusugua mabamba kwa unga wa msasa, maana unga hautapakai sawasawa, nao hula chuma hapa zaidi ya pale.

Kosa hilohilo lingalipo gereji. Ili kuondoa mabaki ya gasketi kuukuu, fundi hufunga kidude cha kusugulia kwenye drili na kukipitisha juu ya bloku hadi ing'ae. Mwenye gari hufurahi. Kumbe pale kidude kilipokaa sekunde chache zaidi pamechimbika, na gasketi haitapagusa vizuri. Tena vidude vingi vya aina hiyo vina chembe za oksidi ya alumini, ngumu kuliko chuma. Zikidondokea kwenye njia za oili husaga beringi za krenkishafti. Kampuni ya magari ya General Motors imewahi kuwaonya mafundi wake kwa maandishi kuhusu jambo hili.

Njia salama ni ya polepole: ziba matundu kwa vitambaa, lainisha mabaki kwa dawa ya kuondolea gasketi, kwangua kwa kikwanguo cha plastiki, futa mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Gari likiwa la zamani, usikwangue pakavu wala kupuliza vumbi, kwani gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, nayo huleta saratani ya mapafu.

Usisahau matundu ya bolti. Oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, bolti huyasukuma, na kwa kuwa hayashindiliki, chuma cha bloku ndicho kinachopasuka. Usafi wa matundu haya nauhesabu kuwa muhimu kuliko chapa ya gasketi utakayonunua.

Wapo waliochoka na gasketi wakaiondoa kabisa. Injini za mbio za Offenhauser, za Marekani, zilisubiwa hedi na bloku zikiwa kipande kimoja, na zilishinda mashindano ya Indianapolis 500 mara 27.

Gari lako silo la namna hiyo. Kwa hiyo likichemsha na hedi ikafunguliwa, mwombe fundi akuonyeshe rula juu ya bloku kabla hajaifunga tena.