Matabibu Wapinga Utumwa na Tegemeo Lao: Ukoo wa Livingstone na Ghuba ya Mto Simiyu

Historia ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki huandikwa kwa kawaida kama historia ya mikataba iliyotiwa saini Unguja. Makala haya yanaitazama historia hiyo kutoka bara, na hasa kutoka eneo la Mto Simiyu, ambao umeupa jina lake mkoa ulioundwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Hoja inayojadiliwa ni kwamba matabibu wa Kiingereza waliosimama mbele katika kupinga biashara hiyo waliishi, walisafiri na hata walitibiwa kwa msaada wa wale wale waliokuwa wakiiendesha. Hali hiyo haikuwa ajali ya safari moja tu. Ndivyo bara ilivyofikika wakati ule.

Ukoo wa Livingstone ni mfano ulio wazi. David Livingstone alipata idhini ya kufanya kazi ya utabibu huko Glasgow mwaka 1840. Robert, mwanawe mkubwa, hakuwa tabibu, lakini alijiunga na jeshi la Kaskazini kwa jina la bandia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani. Alitekwa, akafia katika gereza la Salisbury, North Carolina, mnamo Desemba 1864, umri wake ukiwa miaka kumi na minane. Kitinda mimba wa kiume, William Oswell, aliyezaliwa kando ya Mto Zouga mwaka 1851, alifuata taaluma ya baba yake. Katika kizazi cha tatu, wajukuu wawili wa Livingstone, Hubert na Ruth Wilson, walihudumu katika misheni ya Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Kuihesabu familia hii kuwa ya matabibu na ya wapinga utumwa si kutia chumvi.

Hata hivyo, ni vema kuangalia jinsi tabibu huyo alivyoishi njiani. Mwanzoni mwa 1867 sanduku lake la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka. Kwinini yote ikapotea. Miaka miwili baadaye, akiwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu, alibebwa kwa machela hadi Ujiji na msafara wa Mohamed bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye alimuuguza kwa dawa zake mwenyewe. Hapa mganga na mgonjwa wamebadilishana nafasi, na anayeponya ndiye anayeshutumiwa. Livingstone hakuficha shukrani zake kwa mtu huyo, wala hakupunguza ukali wa hukumu yake juu ya biashara yake.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 1870 John Kirk, ambaye naye alikuwa tabibu aliyehitimu Edinburgh na aliyewahi kufuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi, alimpelekea bidhaa na watu kutoka Unguja kwa kupitia kwa Ludha Damji, mkuu wa forodha. Watu waliofika Manyema mwanzoni mwa 1871 walikuwa watumwa wa matajiri wa Kibaniani. Mpinga utumwa alihudumiwa na watumwa. Livingstone alilalamika kwa uchungu mwingi, na uhusiano wake na Kirk ukaharibika. Pengine Kirk alionewa: katika soko la wapagazi la wakati ule, njia ya kumpata mtu huru peke yake haikuwa rahisi.

Livingstone alishuhudia mauaji ya Nyangwe mnamo tarehe 15 Julai 1871. Taarifa yake, iliyobebwa na Stanley, ilitikisa Uingereza na kuongeza msukumo uliomleta Bartle Frere Unguja. Mei 1872 Oswell alikuwa tayari Bagamoyo pamoja na kikosi cha kumtafuta baba yake. Stanley alipowasili na habari kwamba mzee ni hai, kikosi kilivunjika, na kijana akarudi Uingereza bila kuonana naye, huku baba akisubiri watu huko Kwihara, Unyanyembe. Mzee alifariki mwanzoni mwa Mei 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo, kabla habari za kifo hicho hazijafika pwani, Seyyid Barghash alikubali mkataba uliosukumwa na Kirk chini ya tishio la kufungiwa bandari. Soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Mkataba ulihusu bahari. Utumwa wenyewe haukuguswa: Unguja hadhi hiyo iliondolewa kisheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Usukuma unaingia katika habari hii kwa njia ya swali la Livingstone kuhusu chanzo cha Nili. Stanley, akilifuatilia swali hilo, alifika Kageyi, katika Ghuba ya Speke, Februari 1875. Mwezi uliofuata aliupita kwa mashua mdomo wa Simiyu, mto alioudhania kuwa chimbuko la kusini kabisa la Nili. Wito wake wa kuomba wamisionari ulijibiwa na Church Missionary Society, na miongoni mwa waliotumwa alikuwamo tabibu, Dakta John Smith. Nchi hiyo haikukosa waganga. Bafumu wa Kisukuma walikuwapo na taaluma yao. Tabibu mgeni hakupata muda wa kukutana na taaluma hiyo. Alikufa Kageyi mnamo Mei 1877, kwa ugonjwa wa kuhara damu.

Kageyi ilikuwa kituo cha Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani aliyeshughulika na pembe na watumwa kuzunguka ziwa. Wamisionari walikuwa wakinunua kwake jahazi lililokuwa likiundwa Ukerewe. Desemba 1877 ugomvi ulizuka kati ya Songoro na mtawala wa Ukerewe, Lukonge. Songoro alikimbilia kwa wamisionari. Luteni Shergold Smith na O'Neill waliuawa pamoja naye.