Takwimu za Janga na Walioachwa Nje ya Hesabu

Wakati wa janga la UVIKO-19, takwimu zilizotangazwa kila jioni zilionekana kuwa jambo jepesi, yaani idadi ya walioambukizwa na idadi ya waliofariki, ilhali nyuma yake zilikuwapo maabara, mafaili na kanuni za kuhesabu, na kila kimoja kiliweza kuzipotosha bila yeyote kutambua. Kisa kilicho wazi zaidi kilitokea Uingereza, nchi isiyokosa fedha wala kompyuta. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, watu 15,841 waliothibitishwa kuambukizwa hawakuingizwa katika hesabu ya taifa, kwa sababu majibu ya maabara yalikuwa yakihamishiwa kwenye faili la Excel la muundo wa kizamani, lenye nafasi ya mistari 65,536 tu. Na kwa kuwa mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, faili lilijaa baada ya wagonjwa wapatao 1,400, na waliozidi wakaachwa nje kimyakimya.

Wagonjwa wenyewe walikwisha kupewa majibu yao. Kilichokwama ni ufuatiliaji wa watangamano, yaani kazi ya kuwatafuta watu waliokutana kwa karibu na mgonjwa ili wajitenge kabla hawajaambukiza wengine, kazi ambayo manufaa yake hupungua kwa kila siku inayopita, hata kama hesabu itasahihishwa baadaye.

Kasoro nyingine haikutokana na mashine. Hadi Agosti 2020, hesabu ya vifo vya England ilimjumuisha kila aliyewahi kukutwa na virusi kisha akafariki, hata kama alikwisha kupona na kifo chake kilitokana na maradhi mengine. Kilipowekwa kikomo cha siku 28 tangu kipimo, vifo 5,377 viliondolewa katika jedwali kwa siku moja, ingawa idadi ya makaburi haikubadilika. Kikomo hicho nacho kilikuwa na gharama, maana mgonjwa aliyefariki siku ya 30 akiwa bado hospitalini alimezwa na kanuni.

Ukimya nao hugeuka takwimu. Tanzania ilipoacha kutoa taarifa mwaka 2020, idadi ya wagonjwa 509 ilibaki katika majedwali ya dunia kwa zaidi ya mwaka, ikipangwa sambamba na za nchi zilizohesabu kila siku. Katika safu ya maambukizi mapya, nchi isiyopata mgonjwa na nchi isiyotoa taarifa zote husomeka sifuri, isipokuwa pale mwandalizi wa jedwali alipojali kuzitenganisha.