Spika Ndogo Zisemazo Kweli

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, gari la matangazo ya nje la BBC lilikuwa chumba chembamba kilichojaa mitambo. Humo alikaa fundi sauti, nje ya uwanja au ukumbi wa muziki, akipima kila kilichokuwa kikielekea kwenye redio za wasikilizaji. Spika za studio za wakati huo zilikaribia ukubwa wa kabati, wala hazikuweza kuingia garini. Hedifoni nazo hazikutosha, maana huiweka sauti yote ndani ya kichwa, na uwiano wa mtangazaji na umati nyuma yake huwa mgumu kuupima. Ilitakiwa spika ndogo isiyomdanganya fundi.

Spika hiyo ilipatikana kwa njia ya kuzunguka. Watafiti wa BBC walikuwa wakijenga vielelezo vya studio vilivyopunguzwa hadi sehemu moja ya nane ya ukubwa halisi, ili wajue chumba kitatoa sauti gani kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Kazi hiyo ilidai spika ndogo yenye usahihi mkubwa. Walipoiunda, wakaona kwamba ndiyo hasa iliyokuwa ikihitajika garini. Ikaitwa LS3/5, na baada ya marekebisho ya mwaka 1974 ikawa LS3/5A. Namba 3 ilionyesha kuwa ni kifaa cha kazi za nje ya studio. Jina halina mvuto wowote, lakini hakuna spika ndogo iliyoheshimiwa zaidi yake kwa muda mrefu hivyo.

Boksi lake lina kimo cha sentimita 30 hivi na upana wa sentimita 19. Ndani yake mna wufa ya inchi 5, inayotoa sauti za chini, na twita ndogo ya sauti za juu, zote za kampuni ya KEF ya Maidstone, Uingereza. Koni ya wufa ni ya plastiki iitwayo Bextrene. Watafiti wa BBC waliipendelea kwa sababu karatasi hubadilika na unyevu, na koni mbili za karatasi zilizotoka kiwanda kimoja zaweza kutoa sauti tofauti. Kwa shirika lenye vyumba vingi vya kazi, hilo lilikuwa tatizo kubwa: fundi akihama chumba, spika ya pili ilipaswa kumwambia yale yale aliyoambiwa na ya kwanza.

Lililowashangaza wengi ni boksi lenyewe. Mtu hudhani boksi bora ni lile zito, gumu, lisilotikisika kamwe. BBC walitumia plaiwudi ya milimita 12 tu, wakaibandikia kwa ndani vipande vizito vyenye lami. Ukuta mwembamba uliotulizwa hivyo hutikisika kwenye sauti za chini, ambako sikio si kali sana, na mtikisiko wake hufa upesi. Ukuta mnene usiotulizwa huweza kuvuma katikati ya sauti ya mwimbaji, pale pale ambapo sikio halisamehe.

Na kipimo chao kikuu kilikuwa sauti ya mtu. Mtangazaji waliyemfahamu alirekodiwa akizungumza, rekodi ikachezwa kwenye spika, kisha ikalinganishwa na yeye mwenyewe akisema. Kila binadamu amesikiliza sauti za watu tangu siku ya kuzaliwa. Kasoro ndogo kwenye konsonanti au kwenye kifua cha msemaji huitambua hata asiyejua lolote kuhusu umeme. Uamuzi huu ndio uliozaa ubora wa LS3/5A kuliko plastiki au plaiwudi yoyote.

Bila shaka kuna walichokitoa sadaka, nacho ni besi. Hapa fizikia haina huruma. Wimbi la sauti ya mizunguko 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7. Ili kulisukuma, koni lazima isogeze hewa nyingi, na kila sauti inaposhuka kwa oktava moja, koni ile ile inatakiwa kusogea mbali mara nne ili kelele ibaki sawa. Wufa ya inchi 5 haina nafasi hiyo. Mbuni anaweza kuilazimisha itoe besi, lakini itahitaji umeme mwingi na itachoka mapema. Boksi dogo, besi ya chini na sauti kubwa kwa umeme mdogo havipatikani vyote pamoja. Mbuni hawezi kupata zaidi ya viwili. BBC walichagua udogo, wakakubali pia spika isiyopiga kelele nyingi. Waliacha mwinuko mdogo juu kidogo ya besi, nao hulifanya sikio lisihisi sana pengo lililo chini yake.

Leseni ya kuitengeneza ilitolewa kwa kampuni kama Rogers, Spendor na baadaye Harbeth, hivyo kifaa cha garini kikaingia sebuleni. Spendor ilianzishwa na Spencer Hughes na Harbeth na Dudley Harwood, wote wawili watu waliopitia maabara ya BBC.

Njia ya spika ya Yamaha NS-10 ilikuwa kinyume. Hiyo ilitoka Japani mwaka 1978 ikiwa spika ya nyumbani, na nyumbani haikupendwa: sauti zake za kati zilijitokeza mno, besi ilikuwa chache, twita ilikuwa kali. Studio ndizo zilizoiokoa. Mafundi waligundua kwamba rekodi ikikubalika kwenye NS-10, itakubalika karibu popote, redio ya gari ikiwemo. Koni yake nyeupe ikaonekana juu ya meza za studio duniani kote, na mafundi wengine wakaifunika twita kwa karatasi laini ya chooni ili kupunguza ukali. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walionyesha sababu mojawapo ya kupendwa kwake: boksi lake lililozibwa kabisa huifanya besi ianze na kukoma kwa wakati, bila mkia wa kuvuma. Mwaka huo huo Yamaha waliacha kuitengeneza.

Je, spika moja yaweza kutumika studio na nyumbani? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba fundi anahitaji ukweli na msikilizaji anahitaji starehe. Utafiti wa Floyd Toole, aliouanza kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, uliivunja hoja hiyo. Wasikilizaji walipowekewa pazia wasizione spika, wengi walielekea kupenda zile zile: zenye sauti iliyo sawia kuanzia chini hadi juu, na ambazo sauti yake inabadilika taratibu msikilizaji anaposogea pembeni. Mwaka 1994 Toole na mtafiti mwenzake Sean Olive waliondoa pazia, na alama zikabadilika. Seti ndogo ya bei nafuu iliyofanya vizuri nyuma ya pazia ilishushwa ilipoonekana, na kubwa zikapandishwa. Macho yana chuki na udogo, na wauzaji wanalijua hilo.

Kwa kuwa masikio hukubaliana hivyo macho yasipoingilia, spika ndogo za kisasa zilizo bora zaidi zinafanana, ziwe za studio au za sebule. KEF LS50 ilitolewa mwaka 2012 kuadhimisha miaka 50 ya kampuni hiyo, nayo ilibuniwa kwa msukumo wa LS3/5A. Twita yake imewekwa katikati kabisa ya koni ya wufa, ili sauti zote zitoke mahali pamoja. Kampuni ya Genelec, iliyoanzishwa mwaka 1978 huko Iisalmi, Ufini, kwa kuitengenezea redio ya taifa Yle, huweka amplifaya ndani ya boksi, moja kwa twita na nyingine kwa wufa. Maboksi yake ya alumini yenye kingo za mviringo, yaliyochorwa na Harri Koskinen mwaka 2004, yana kuta nyembamba zinazobakiza nafasi kubwa zaidi ndani. Aina nyingine huja na maikrofoni ya kupima chumba na programu ya kurekebisha sauti ifae chumba hicho.

Chumba ni nusu ya spika, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Besi haiendi mbele tu. Huzunguka boksi, ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Uso wa spika ukiwa mita 1 kutoka ukutani, wimbi linalorudi huikuta sauti ya mizunguko 86 hivi ikiwa kinyume chake, na besi ya sehemu hiyo hufifia. Nyumba zetu nyingi za matofali ya saruji na sakafu ya vigae huongeza tatizo la pili, kwa kuwa sauti za juu hurudi kali na kuyachafua maneno ya mwimbaji. Zulia zito, pazia nene na kabati la vitabu husaidia kuliko waya wowote wa bei mbaya. Twita iwe usawa wa masikio, na umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji.

Anayekwenda kununua achukue rekodi mbili: wimbo anaoujua vizuri, na mtu anayemfahamu akizungumza. Aombe spika zote zichezwe kwa kelele inayolingana, kwa sababu ile inayolia zaidi kidogo huonekana bora hata kama siyo. Kisha afumbe macho, aanze na yule anayezungumza. Asipomsikia mtu wake mle ndani, aiache spika hiyo dukani, hata kama besi yake inatikisa kaunta.