Mama aliyemfuata mtoto wake vitani

Mwezi huu tulisoma na wazazi kitabu cha Kiingereza, Barrayar, cha Mmarekani Lois McMaster Bujold. Kilitoka 1991, kikapata tuzo ya Hugo 1992. Ni kimoja cha mfululizo mrefu wa hadithi za sayari za mbali. Sisi walimu tulisoma, halafu tukaeleza kwa Kiswahili.

Cordelia ameolewa ugenini, kwenye sayari ya mume wake, na ana mimba. Usiku mtu mwenye kisasi anawarushia bomu la gesi ya sumu. Dawa inawaokoa wazazi lakini inaharibu mifupa ya mtoto. Anatolewa tumboni, anawekwa ndani ya mashine ya kulea mimba. Baba mkwe anakataa kumpa jina lake: ukoo hautaki kilema. Halafu yanatokea mapinduzi, waasi wanaikamata mashine. Mume, anayetawala kwa niaba ya mfalme mtoto, hatumi askari. Cordelia anakwenda mwenyewe.

Hapo kelele ilianza! Wababa wengi walimtetea mume: ana nchi nzima mkononi. Vijana walitaka vita tu. Bibi mmoja alisema yule mzee si mkatili, anaogopa maneno ya watu.

Mama mmoja mwenye mtoto asiyetembea alikuwa kimya. Mwisho akauliza: "Sasa huyo mtoto, alikuja kuwa nani?"

Tukamwambia ndiye Miles, shujaa wa vitabu vingi vya mfululizo huo. Akaomba tumsomee kimoja. Bado tunakitafuta.