Ngano na Ardhi ya Chumvi

Wanachama wenzetu, sisi wakaao visiwani hatuna haja ya kuelezwa maana ya chumvi shambani. Maji ya bahari yakisha ingia katika bonde la mpunga, majani huungua ncha, na mkulima hurudi nyumbani mikono mitupu. Taabu hii wanayo pia wakulima wa ngano wa Australia, tena mbali kabisa na pwani, kwa kuwa huko chumvi imo ndani ya ardhi yenyewe. Khabari ya jinsi walivyoitafutia dawa ina mafunzo kwa kila mwenye shamba.

Ngano ziko namna nyingi. Ngano ya mkate, ambayo unga wake twapikia chapati na maandazi, huistahimili chumvi kiasi. Sifa hiyo imeirithi kwa jani la mwituni liitwalo Aegilops tauschii, lililochanganyika na ngano ya zamani maelfu ya miaka iliyopita, upande wa Bahari ya Kaspi. Lakini ngano ngumu, ile ya kutengenezea makaroni, haikupata urithi huo, na chumvi huidhoofisha upesi.

Wataalamu wa Australia, akiwamo Dokta Rana Munns, walizitia mbegu nyingi za ngano ngumu katika majaribio ya chumvi, wakapima kiasi kilichofika majanini. Mwaka 2000 walitangaza kuwa wameipata moja ambayo majani yake yalikuwa na chumvi kidogo mno. Ilipochunguzwa nasaba yake, ikaonekana kuwa mzazi wake mmoja ni ngano ya kale sana, Triticum monococcum, ambayo siku hizi hulimwa na watu wachache tu. Walioichanganya zamani walitaka kinga ya maradhi ya kutu. Kinga ya chumvi ikaja pamoja nayo bila ya wao kujua.

Kazi ya kinga hiyo ni hivi. Chumvi hupanda pamoja na maji katika mishipa ya mmea mpaka majanini, ikayaua. Mmea wenye kinga ni kama nyumba yenye bawabu: chumvi huzuiliwa mizizini isipande juu.

Mwaka 2012 matokeo ya mashambani yalitolewa. Penye chumvi nyingi, mbegu hiyo ilizaa hadi sehemu 25 katika mia zaidi ya ngano ngumu ya kawaida. Penye ardhi njema mavuno hayakupungua. Na yote yalifanywa kwa kuchanganya ua na ua na kuchagua mbegu. Hata hivyo hakuna ngano iwezayo kumea baharini. Mitaro haina budi kuzibuliwa vile vile.

Tuzingatie hili: lau ngano ile ya kale ingalitupwa kwa sababu haizai sana, dawa isingalipatikana. Basi mwanachama mwenye mbegu ya mpunga ya wazee, iliyozoea bonde la chumvi, asiiache ikapotea. Apande japo ngwe moja kila mwaka, na amgawie jirani. Mbegu iliyokwisha kabisa haipatikani dukani kwa bei yo yote.