'Shall': Deni Lililogeuzwa Nia

Mwanafunzi wa Kiingereza hufunzwa mapema kwamba kitenzi kisaidizi 'shall' huonyesha wakati ujao, kama kiambishi '-ta-' katika Kiswahili. Fundisho hilo lafaa darasani. Katika sheria, lapotosha.

Katika Kiingereza cha kale, kitenzi hicho kilimaanisha pia 'kuwiwa', yaani kuwa na deni. Neno la Kijerumani 'Schuld', la mzizi huo huo, hadi leo lina maana ya deni na hatia. Kiambishi chetu '-ta-' nacho kimetokana na kitenzi 'taka'. Umbo lake kamili lingali hai tusemapo 'atakayekuja'. Basi kimoja kilizaliwa na deni, kingine na matakwa. Anayetafsiri 'shall' ya sheria kwa '-ta-' pekee huugeuza wajibu ukawa nia tu. Kilicho karibu zaidi ni 'sharti'.

Huu si mzaha wa wanaisimu. Kifungu cha 81 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chatumia 'shall' kueleza kwamba wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa. Mnamo Desemba 2012, majaji wengi wa Mahakama ya Juu walishauri kwamba hilo si la kutimizwa papo hapo, bali hatua kwa hatua, sheria yake ikipitishwa kufikia Agosti 27, 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alitofautiana nao. Siku hiyo ikapita bila sheria. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge, halikuvunjwa. Hata Bunge lililochaguliwa 2022 halikutimiza kiwango hicho.

Je, tulaumu neno? Yamkini kwa kiasi fulani. Waandishi wa Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 waliliepuka 'shall' kwa utata wake, wakachagua 'must', lenye kulazimisha waziwazi. Nasi tungefanya vyema kuwaiga, na watafsiri wetu waandike 'sharti' pasipo kusita. Hata hivyo, hakuna kitenzi, kiwe kikali vipi, kinachoweza kumlipia mtu deni asilotaka kulilipa.

Wahenga hawakuhitaji Kiingereza cha kale kuyajua haya. Walikwisha sema kwamba ahadi ni deni. Na dawa ya deni, kila Mswahili aijua, ni kulipa.