Njia ya Usiku: Kutoka Kitandani Hadi Chooni

Leo tunawaangalia wazee tunaoishi nao hapa Eastlands. Mzee akianguka mara moja tu aweza kuvunjika nyonga, na wengi hawarudi kutembea kama awali. Basi leo usiku, ifuate njia anayopitia kwenda chooni.

Ondoa viatu, waya na mikeka inayoteleza. Mwachie tochi kando ya mto, maana stima hupotea.

Kama unaishi nyumba yenye ngazi, kama zile za Buruburu, hakikisha kuna chuma cha kushikilia hadi kidato cha mwisho. Paka ukingo wa kila kidato rangi nyeupe.

Kama choo ni cha nje, mwambie seremala atoboe kiti imara. Weka ndoo chini yake, kando ya kitanda.

Chooni, fundi afunge chuma ukutani. Sinki si la kuegemea, hung'oka.

Mzee anayetumia dawa za presha aketi kidogo kitandani kabla ya kusimama, asije akapata kizunguzungu.

Na akianguka, usimvute. Mguu ukionekana mfupi au umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Mfunike, asisimame, tafuta gari la kumpeleka hospitali akiwa amelazwa.

Hadi wiki ijayo, msikilizaji, msalimie mzee wako.